Kwa nini kilele cha kaunta yetu ya gesi hakitulii?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fizikia ya nyuklia. Kikundi chetu kimepewa kazi ya kujenga chemba ya nyaya nyingi itakayowekwa nyuma ya sumaku ya spektrografu, ili ionyeshe mahali zinapoangukia protoni na chembe za alfa. Kwa kujifunza, tumetengeneza kwanza kaunta ya uwiano (chombo cha gesi ambacho ishara yake hulingana na nishati iliyoachwa ndani yake) yenye waya mmoja: bomba la alumini lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 na urefu wa sentimita 30, waya wa tangsteni uliopakwa dhahabu wenye kipenyo cha mikromita 25, na gesi ya P-10, yaani asilimia 90 agoni na asilimia 10 methani. Eksirei za chanzo cha chuma-55 huingia kupitia tundu la milimita 8 lililofunikwa kwa utando wa Mylar uliopakwa alumini upande mmoja.

Kwenye volti 1,550 kilele cha eksirei hizo kwenye spektra tunakiona, lakini upana wake katika nusu ya kimo ni asilimia 35. Tena hakitulii: alasiri kiko kwenye chaneli (namba ya ukubwa wa mpigo) ya 410, alfajiri kiko kwenye 350. Kila tunaporudisha chanzo dirishani, kilele hushuka kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Tukifika volti 1,700 zinaanza cheche. Baadhi ya wenzangu wanataka tubadilishe gesi, na wengine wanataka tuachane na nyaya kabisa tununue tando za GEM, yaani plastiki nyembamba zenye shaba na matundu madogo yanayokuza ishara badala ya nyaya. Tufanye nini?

JIBU

Marahaba. Gesi msiibadilishe, na tando za GEM msizinunue kwa sasa. Umetaja dalili nne, na kwa maelezo uliyoyatoa naona kila moja ina chanzo chake. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwa vikundi vinavyoanza ni kuzihesabu dalili zote kuwa ugonjwa mmoja, kisha kuutafutia dawa moja. P-10 imetumika katika kaunta za aina hii kwa miongo mingi, na kaunta yenye vipimo vyenu inaweza kukokotolewa kwa karatasi na kalamu. Tuanze na hesabu hiyo, kwa kuwa asiyejua kaunta nzima inatoa nini hawezi kujua yake inakosa nini.

Eksirei ya chuma-55 ina nishati ya keV 5.9. Katika agoni, kutengeneza jozi moja ya elektroni na ayoni hugharimu wastani wa eV 26, kwa hiyo fotoni moja inayomezwa na gesi huacha elektroni zipatazo 227. Elektroni hizo husafiri kuelekea kwenye waya. Kwenye volti 1,500, uga wa umeme karibu na ukuta wa bomba lenu ni volti 225 tu kwa sentimita, lakini kwenye uso wa waya unafika volti 180,000 kwa sentimita. Ndiyo maana elektroni hutembea kwa upole karibu safari yote, kisha katika makumi machache ya mikromita za mwisho huanza kung'oa elektroni nyingine, nazo zikang'oa nyingine, mpaka liwe poromoko. Methani imo humo kwa ajili ya kumeza miale ya urujuanimno inayotolewa na atomu za agoni zilizosisimka. Bila hiyo miale ingegonga ukuta wa bomba na kuanzisha maporomoko mapya yasiyo na mwisho. Kwa vipimo vyenu na kwenye volti 1,550, ukuzaji, yaani idadi ya elektroni ambazo kila elektroni moja huzaa kwenye poromoko, unapaswa kuwa kama mara 10,000, na kila volti 100 mnazoongeza huuzidisha takriban mara mbili na nusu hadi tatu. Chaji yote ya poromoko inakuwa kama pikokulombi 0.36. Amplifaya yenu inayokusanya kwa mikrosekunde moja itaona karibu nusu ya chaji hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ishara hutokana na ayoni zinazorudi ukutani polepole, wala si elektroni zinazofika kwenye waya. Hilo ni jambo la kawaida, msilitafutie tiba.

Upana wa kilele nao una kikomo cha chini kinachowekwa na bahati nasibu ya idadi ya elektroni na ya ukubwa wa maporomoko. Kwa keV 5.9 katika P-10 kikomo hicho ni kama asilimia 13. Kaunta iliyotengenezwa kwa uangalifu na wanafunzi hutoa asilimia 16 hadi 20. Hiyo 35 yenu ni kubwa mno, na nitairudia baada ya kumaliza yaliyo rahisi.

Kilele kuhama kati ya alasiri na alfajiri hakutokani na ubovu wowote wa ujenzi. Ukuzaji hutegemea msongamano wa gesi: msongamano ukipungua kwa asilimia 1, elektroni hupata nafasi ndefu zaidi ya kuchukua kasi kabla ya kugongana, na ukuzaji hupanda kwa asilimia 5 hadi 8. Kutoka chaneli ya 410 hadi 350 ni pungufu la asilimia 15, ambalo linahitaji badiliko la msongamano la asilimia 2 au 3. Chumba kinachopoa kwa digrii 6 au 7 usiku kinatosha kabisa kulileta. Kwa kuwa gesi yenu hutoka kupitia chupa ya mapovu na kuingia angani, kanieneo ndani ya bomba hufuata barometa, nayo huongeza mchango wake. Wekeni kipimajoto kwenye bomba lenyewe, si ukutani, na barometa mezani, kisha andikeni namba zote mbili kila dakika kumi pamoja na nafasi ya kilele. Baada ya siku mbili chorani nafasi ya kilele dhidi ya uwiano wa halijoto kwa kanieneo, halijoto ikiwa katika kelvini. Nukta zikijipanga kwenye mstari, mmepata kanuni ya kusahihisha ambayo mtaihitaji vilevile kwenye chemba kubwa. Zisipojipanga, kuna jambo jingine linalochezea gesi, na nadhani lipo.

Kushuka kwa dakika za mwanzo kunanifanya nishuku dirisha. Umesema utando umepakwa alumini upande mmoja. Upande upi unatazama ndani? Nimewahi kupoteza karibu wiki mbili kwa swali hilo hilo, nikibadilisha amplifaya na nyaya, hadi mwenzangu alipogusisha ncha ya multimita kwenye uso wa ndani wa utando na kukuta haupitishi umeme. Upande wa plastiki ukiwa ndani, chaji hutua juu yake na haina pa kwenda. Hujilimbikiza, hupotosha uga mbele ya tundu, na ukuzaji hubadilika taratibu mpaka chaji inayoingia ilingane na inayovuja. Chanzo kikiondolewa, chaji huisha polepole, na mkikirudisha mchezo huanza upya. Upande wa alumini lazima utazame gesi, tena uguse bomba lenyewe; gundi ikipita katikati yao, alumini hiyo inaelea bila kuunganishwa na chochote. Bandikeni utando kwa epoksi pembezoni, mkiacha sehemu moja iguse chuma kwa tone la rangi ya fedha inayopitisha umeme, kisha pimeni ukinzani kabla hamjafunga.

Cheche za volti 1,700 nazo hazitoki katikati ya bomba. Kwenye volti hizo ukuzaji ni kama 50,000, na elektroni 227 zikizidishwa hivyo hazifiki hata milioni 12, ilhali poromoko huelekea kugeuka cheche linapokaribia elektroni milioni 100. Tafuteni kwenye ncha, pale waya unapopita katika kizibo cha plastiki na kulehemiwa kwenye pini. Zimeni taa, funikeni madirisha ya chumba, subirini macho yazoee giza, kisha pandisheni volti mkitazama vizibo, huku kikomo cha mkondo cha chanzo cha volti kikiwa mikroampea 1. Mwanga hafifu wa buluu ukionekana, utawaonyesha mahali. Mara nyingi ni ncha kali ya lehemu, unywele wa waya uliokatwa vibaya, au utelezi wa flaksi (dawa ya kulehemia) na alama za vidole juu ya kizibo, ambako mkondo hutambaa hadi kwenye bomba. Lehemu iwe duara laini kama tone, isafishwe kwa alkoholi ya isopropili na brashi, na ikikauka ifunikwe kwa epoksi. Kwenye sentimita ya kwanza ya kila ncha, pitisheni waya ndani ya kibomba chembamba cha chuma kilichounganishwa nao. Unene wake hushusha uga, na ukuzaji hufa kabla ya kufika kwenye plastiki. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, mkondo wa kuvuja bila chanzo unapaswa kubaki chini ya nanoampea 1 kwenye volti 1,550.

Sasa upana. Kabla ya kufungua bomba, ingizeni mipigo ya jenereta kwenye amplifaya kupitia kapasita ndogo, huku waya ukiwa umeunganishwa na volti zikiwa zimewashwa, na mrekebishe kimo cha mipigo kilingane na kilele cha chuma-55. Upana wa mipigo hiyo ndio kelele ya umeme peke yake. Ikizidi asilimia 10, ondoeni kelele kwanza: fupisheni waya kati ya bomba na amplifaya, na mhakikishe bomba, amplifaya na chanzo cha volti vinashiriki waya mmoja wa ethi.

Mipigo ikiwa myembamba, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni oksijeni. Elektroni inayosafiri polepole karibu na ukuta hunaswa na molekuli ya oksijeni, na kwa kuwa fotoni nyingine humezwa mbali na waya na nyingine karibu nao, kila tukio hupoteza kiasi tofauti. Kilele hushuka na kutanuka kwa pamoja. Jaribio lake ni jepesi mno: ongezeni mtiririko mara mbili. Kilele kikipanda na kuwa chembamba, hewa inaingia mahali fulani. Bomba lenu lina ujazo wa sentimita za ujazo 94, hivyo kwa mtiririko wa sentimita za ujazo 20 kwa dakika, gesi hubadilika mara moja kwa kila dakika 5 hivi. Watu wengi huhesabu mabadiliko matano wakaona yanatosha. Gesi mpya ikichanganyika na hewa iliyomo, baada ya mabadiliko matano hubaki asilimia 0.7 ya hewa, yaani oksijeni zaidi ya sehemu 1,400 katika milioni. Baada ya kumi hubaki sehemu 10 hivi. Msipime chochote kabla ya saa nzima kupita. Na mirija ya plastiki laini itoeni yote. Hupitisha unyevu na oksijeni kupitia kuta zake hata kama viungo vyake havivuji. Shaba au chuma cha pua, na vipande vifupi.

Waya kutokaa katikati hulaumiwa sana, na kwa kawaida huonewa. Katika bomba la duara lenye nusu kipenyo cha milimita 10, waya uliohama kwa nusu milimita hubadilisha ukuzaji kwa kiasi ambacho hamtakiona. Uso wa waya ndio wenye hatia zaidi. Kipenyo kikitofautiana kwa asilimia 1, ukuzaji hubadilika kwa asilimia kama 4, na punje ya vumbi au mafuta ya kidole juu ya mikromita 25 ni zaidi ya asilimia 1 kwa mbali. Dirisha moja haliwezi kuwaonyesha jambo hili. Toboeni mengine mawili, sentimita 8 kutoka kila ncha. Vilele vitatu vikitofautiana sana, kateni waya huo mfunge mwingine.

Namna ya kuufunga nao ni hii. Vaeni glavu zisizo na unga. Waya utoke kwenye gurudumu lake kwa kulizungusha, si kwa kuuvuta kando, maana ukijisokota hata mara moja huacha kipindo kisichonyooka tena. Ukikiona kipindo, kateni sehemu hiyo mtupe. Bomba lisimamishwe wima. Lehemuni ncha ya juu, ning'inizeni uzito wa gramu 50 kwenye ncha ya chini, uacheni utulie, ndipo mlehemu chini. Tangsteni ya kipenyo hicho hukatika karibu na gramu 100, kwa hiyo 50 ni nusu ya uwezo wake. Kisha usikilizeni: wekeni sumaku kando ya bomba, pitisheni mkondo geu mdogo kwenye waya, na mpandishe masafa polepole. Waya wa sentimita 30 wenye mvutano huo hutetemeka kwa nguvu karibu na hezi 380. Ukitetemeka kwenye 300, lehemu iliteleza, na mvutano mlio nao ni gramu 31 tu.

Kuhusu usafi, jihadharini na silikoni kuliko kitu kingine chochote. Grisi ya silikoni kwenye pete za mpira, gundi ya silikoni ya kuzibia madirisha, hata mafuta kutoka kwenye chupa za mapovu, vyote hutoa mvuke unaovunjwa ndani ya poromoko na kujenga ganda juu ya waya. Niliwahi kufungua chemba iliyokuwa imepoteza ukuzaji mbele ya mahali mwali wa chembe ulipopita, na chini ya hadubini nyaya zilikuwa zimeota kitu cheupe kama ukungu wa mkate. Kisa kilikuwa grisi iliyopakwa kwenye pete moja. Nyaya zote zilikatwa. Methani yenyewe hujenga ganda kwa miaka mingi ya matumizi mazito, na ndiyo sababu chemba zinazopokea chembe nyingi hupewa agoni na kaboni dioksidi. Kaunta ya kujifunzia haifiki huko.

Mkifika kwenye chemba ya nyaya nyingi, mambo mawili yatabadilika. La kwanza, nyaya jirani zina chaji ya aina moja na husukumana. Katika muundo ambao mwanafizikia Georges Charpak aliutumia kuanzia mwaka 1968, uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1992, nyaya zilikaa kwa nafasi ya milimita chache. Chukulieni nafasi ya milimita 2, pengo la milimita 8 hadi kwenye kathodi, waya wa mikromita 20 na volti 5,000. Kwa urefu wa sentimita 30, mvutano wa gramu 6 unatosha kuzuia nyaya zisikimbiane. Kwa urefu wa mita 1 zinahitajika kama gramu 70, na waya huo hukatika kwenye 65. Mahitaji hukua kwa mraba wa urefu, na hapo ndipo watu huweka mihimili ya kushikilia nyaya katikati. Nyaya za pembezoni nazo, kwa kukosa jirani upande mmoja, hupata uga mkubwa kupita wenzao. Mbili tatu za mwisho ziwe nene zaidi hatua kwa hatua.

La pili ni alfa, na hapa ndipo ninapohofia mtaumia. Alfa ya MeV 5 huacha kama MeV 1 kwa kila sentimita ya gesi, yaani elektroni makumi ya maelfu ambapo chuma-55 iliacha 227. Kwa ukuzaji wa 10,000 alfa itavuka ile mipaka ya elektroni milioni 100, na cheche moja nzuri hukata waya. Shusheni ukuzaji hadi mamia machache, ambako kwa bomba lenu la sasa ni kama volti 1,200, na mlijaribu hilo kwa chanzo cha ameriki-241 kabla ya kugusa mwali wa mashine. Dirisha la Mylar la mikromita 25 halifai kwa kazi hiyo, kwani alfa ya MeV 5.5 huacha humo sehemu kubwa ya nishati yake. Chemba nyingi za nyuma ya spektrografu hutumia isobutani kwenye kanieneo cha chini sana kuliko cha hewa, ili dirisha lililo jembamba lisipasuke na chembe zisipoteze njia. Jambo hilo linadai pampu na vidhibiti ambavyo sijasikia ukivitaja.

Tando za GEM, ambazo mwanafizikia Fabio Sauli alizibuni mwaka 1997, ni vifaa bora. Lakini ni plastiki ya Kapton ya mikromita 50 yenye shaba pande zote mbili na matundu ya mikromita 70, na vumbi moja lililokaa kwenye tundu huunganisha pande mbili na kuua sehemu ya utando. Kikundi ambacho bado kina flaksi kwenye vizibo hakitazifaidi.

Moshi wa gesi, yaani P-10 inayotoka kwenye chupa ya mapovu, upelekwe nje ya jengo kwa mrija. Methani huwaka, na agoni nyingi ndani ya chumba kilichofungwa hufukuza hewa ya kuvuta bila harufu wala onyo. Chanzo cha chuma-55 kishikwe kwa utaratibu wa afisa wa usalama wa mionzi wa chuo chenu, hata kama eksirei zake huzuiwa na milimita moja ya alumini.

Anzeni na dirisha, kisha vizibo, kisha mirija, kwa mpangilio huo, mkibadilisha kitu kimoja kwa wakati na kuhifadhi spektra kila mara. Kigezo changu cha kusema kaunta imepona hakihusu kilele kikubwa. Baadhi ya fotoni za keV 5.9 humsisimua agoni ambaye hutoa eksirei yake mwenyewe ya karibu keV 3, nayo hutoroka nje ya gesi, na tukio huandikwa kwenye keV 2.9. Sasa hivi kilele hicho kidogo kimezama kwenye mkia wa kile kikubwa. Kikijitenga kabisa, kikakaa kwenye nusu ya chaneli ya kilele kikubwa baada ya kuondoa sifuri ya amplifaya, na kikabaki hapo kutoka alasiri hadi alfajiri baada ya kusahihisha kwa halijoto na kanieneo, nitumieni spektra hiyo pamoja na mchoro wa fremu ya nyaya za chemba yenu.